Damu kwa Sababu ya Ndege

Jumapili, 2 Novemba
Mume wangu karudi na jino mkononi. Jino lake mwenyewe! "Dalali kanipiga ngumi." Wamegaragazana kwenye matope ya mto, watu wazima wawili, kisa ndege mmoja, sululu. Yeye anasema kamwona. Dalali anasema hapakuwa na sululu, ni uongo wa kujiongezea ndege kwenye mashindano yao ya nani ataona aina nyingi zaidi mwaka huu. Dada wa filamu alikuwepo, anawafuata mwaka mzima na kamera yake. Hakuwaamulia. Alipiga picha tu.
Dalali! Aliyesimamia arusi yetu, ambaye binti yangu humwita anko.
Nimemkandia barafu. Hata asante hakusema. Aliuliza tu kama kesho kuna mvua.

Jumatano, 5 Novemba
Binti kapasuliwa kidole tumbo. Baba yake alikuja wodini, akamshika mkono, nikaanza kufurahi — simu ikalia. Kuna ndege, mdiria, kaonekana bondeni. "Naenda narudi." Hakurudi. Mtoto alipozinduka akamuuliza. Nikasema kaenda kununua maji. Muuguzi akanitazama, akatazama chupa iliyojaa pale mezani.
Nimefika nyumbani nikachukua darubini yake, nikaibamiza ukutani. Nikaibamiza tena. Vioo sakafu nzima. Na roho yangu nyeupe!

Ijumaa, 7 Novemba
Kaiona darubini. Hakunigusa. Kaupiga ngumi mlango wa jikoni hadi ukapasuka, mkono wake umevimba kama andazi. Kisha kwa sauti ya chini, ya kutisha: "Unajua umenifanya nini?" Nikamwambia mwanao ana nyuzi tumboni, umeziona? Kalala ndani ya gari.
Dada wa filamu kapiga simu, anataka kunihoji, eti upande wa familia. Nikamwambia alete hiyo kamera niitumbukize chooni. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Jumapili, 9 Novemba
Naandika kwenye benchi la hospitali. Nina damu kwenye kucha.
Dalali alikuja tukiwa mezani, dada wa filamu nyuma yake. Binti yuko kwa mama yake mdogo, namshukuru Mungu. Dalali alisema taratibu kabisa: waamuzi wamemfuta yule sululu, kwa hiyo sasa yeye ndiye anayeongoza. "Lakini nimekuja tupeane mkono, ndugu yangu. Yaishe." Na mkono kweli akaunyoosha.
Mume wangu akanyanyua stendi ya darubini, ile ya chuma, akampiga nayo kichwani. Ule mlio — hapana. Dalali akaenda chini na kitambaa cha meza. Stendi ikapanda tena juu. Nikamrukia mume wangu mgongoni, nikamng'ata sikio mpaka nikasikia chumvi. Akaiachia.
Nilikuwa nimepiga magoti, nakandamiza taulo kwenye kichwa cha Dalali, taulo linalowa, napiga kelele iitwe gari ya wagonjwa! Simu mbili zikalia pamoja, ya mume wangu na ya Dalali. Ni ujumbe wa kundi lao la watazama ndege. Mume wangu akasoma. Uso wake ukalainika, kama alivyokuwa akiniangalia zamani.
"Shakwe mgeni," akasema. "Yuko mabwawa ya maji taka."
Akamtazama Dalali. Akanitazama mimi. Akachukua ufunguo wa gari.
Dada wa filamu akamfuata mbio.
Dalali akafumbua jicho moja. "Shemeji... ndege gani?"
Nikamwambia nyamaza. Akauliza tena.

Jirani yetu, dereva wa lori, ndiye aliyetuleta. Dalali wamemwingiza chumba cha upasuaji. Binti kapiga simu: baba anakuja kumchukua saa ngapi? Alimwahidi. Nikasema mwanangu, kula kwanza.
Sasa kaja askari. Mpole, mtu mzima. Kaniuliza mume wangu yuko wapi. Nimesema sijui. Hakubisha, kakaa pembeni yangu, kofia magotini.
Simu yangu imetetemeka. Picha. Maji ya kijivu, doa jeupe katikati. Chini yake mume wangu kaandika: NIMEMPATA! MWAMBIE DALALI.
Askari ananyoosha shingo.