Maji ya Mtama ya Wifi

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe, shemeji na watoto. Natumaini kile kikohozi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, magoti tu ndiyo yanamsumbua. Mimi ni mzima wa mwili, ila moyoni nina wivu, na nakuandikia wewe kwa sababu hapa nikisema nitachekwa.

Ni huyu wifi yetu, mke wa mdogo wetu. Tangu wahamie kwa mama amekuwa hashikiki. Alikusanya majani na mabua ya mtama tuliyozoea kuyachoma, akayakatakata, akayaloweka kwenye pipa, akachuja maji yake, kisha akayachemsha mpaka yakawa na rangi ya chai. Akasema mtama una ukali wake unaozuia mbegu za magugu zisiote. Nikamwambia mama kwamba tunapikiwa supu ya fagio. Mama hakucheka.

Wifi akanyunyizia matuta ya vitunguu. Dada, ningependa kukuambia kwamba maji yale hayakufaa kitu. Yamefaa. Magugu yanayochomoza ni machache, tena dhaifu. Majirani wanakuja na madumu kuomba, na mama anawapokea langoni akimsifu huyo binti utadhani kamzaa yeye. Anamwita Daktari. Mimi niliyempalilia miaka yote, niliyeitwa Jembe mbele za watu, siku hizi ni "wee nanii, lete kiti".

Wewe ulikimbilia vitabu, sikulaumu. Lakini kila Jumamosi mimi na mama tulichuchumaa bega kwa bega tukipalilia, na yeye akizungumza: jinsi baba alivyomposa, nani alimkosea na hajamsamehe. Akikaa kwenye kiti hayo hayasemi. Sasa nikienda hakuna cha kung'oa. Nakunywa chai kama mgeni, naaga, naondoka.

Jumamosi iliyopita nikaliona tuta la karibu na mlango wa jikoni limejaa magugu, vitunguu havionekani. Nilifurahi vibaya mno. Nikapaza sauti mbele ya majirani na madumu yao, nikawaambia waje waone dawa ya Daktari ilivyobuma. Wifi akainamia ndoo yake. Mdogo wetu ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Akasema kila mkewe akilisogelea tuta lile na bomba la kunyunyizia mgongoni, mama humfukuza. Humwambia aliache kama lilivyo, hilo ni la Jembe, likikosa magugu Jembe hatakuwa na sababu ya kukaa.

Nilitamani ardhi inimeze. Mama alijifanya hasikii. Akachuchumaa pale kwenye tuta akiguna kwa magoti yake, akanionyesha pa kuanzia.

Wifi nimemwomba radhi, kwa kununa. Wivu haujaisha, nisikudanganye, maana bado yeye ni Daktari. Lakini siku ile mama alinisimulia jambo la baba ambalo hajawahi kumwambia mtu. Hapa siliandiki. Ukilitaka, njoo upalilie.

Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu sana. Ile nusu ya tuta iliyobaki nimeiacha na magugu yake, kwa makusudi.

Ni mimi mdogo wako,
Jembe