Mawe ya Kijani Yaliyopondwa Jikoni

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
6 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Abdulkadiri,

Assalaam alaykum. Vipi afya yako na baridi ya huko Ujerumani? Kile kikohozi kimekuacha? Sisi wazima, ila mimi nina kichefuchefu, na si cha ujauzito. Kanitia shemeji yako Rajabu.

Wiki iliyopita nililala Jangwani kwa Mama Mdogo Badria, kumsaidia kutoa matope. Maji yaliingia tena ndani. Sasa magodoro yamekauka, alhamdulillahi.

Huku nyuma Rajabu akayafungua mawe yako, yale ya kijani yaliyotapikwa na volkano kutoka chini kabisa ya ganda la dunia, uliyoyaacha kwa kuwa begi lilizidi uzito. Ulitukataza hata kuyashika tukiwa tumevaa pete, maana zile chembe za nikeli na kobalti unazozipima ni kidogo mno, na ndizo zitakazokuonyesha huko chini kukoje. Basi yeye katika maelezo yote alisikia metali tu, na kwake metali ni dhahabu.

Akamwita Athanas, yule aliyewahi kuchimba Geita. Wameyaponda kwenye kinu changu cha chuma, wakachanganya na zebaki ya kunasia dhahabu ndani ya sufuria yangu ya pilau. Sufuria nimeitupa. Bafu walimooshea liliganda tope jeusi linalonuka, na aliyelisugua ni mimi. Dhahabu hawakupata hata punje.

Kilichonitia kinyaa zaidi ni kilichofuata. Walilianika tope lililobaki, wakalijaza kwenye vifuko vyako vyenye namba, wakampa yule abiria wa ndege uliyemwomba akuletee mawe. Nilimuuliza Rajabu kama haoni haya. Akanijibu huku anachokonoa meno:

“Si angeyasaga? Tumempunguzia kazi.”

Najua shahada yako inayangoja mawe hayo, na huko mlimani ulikoyaokota hurudi leo wala kesho. Lakini ukivipima vifuko hivyo, mashine itakusomea kinu changu na zebaki ya Athanas, nawe utaandika kuwa ndiyo dunia. Usivifungue. Mwambie mwalimu wako ukweli, aibu iwe yetu.

Nampa Zarna wa ghorofa ya juu aipige picha barua hii akutumie leo, maana kwenye simu nitafoka tu.

Mama Mdogo Badria anakusalimia sana, na bibi pia. Mungu akulinde ugenini na akupe subira. Rajabu naye anakusalimu, na anauliza mashine yenu ikiona dhahabu utamgawia kiasi gani.

Dada yako akupendaye,
Siti