Maji ya Kunyonyolea Kuku

Chumba cha nyuma, kinachotazama banda,
Jumapili, tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua ulichokuwa ukikilalamikia kimepoa? Natumaini unakula ukiwa umeketi, si chai kavu ya kunywea mlangoni huku unatafuta funguo. Sisi tunapumua. Wifi yako hajambo, ila goti lake bado linatangaza mvua kabla ya redio. Mimi ni mzima na ubishi wangu. Majirani sasa wananiita Wakili Bila Mahakama, na sijakata rufaa.

Nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu ningepiga kelele, nawe ungedhani nina hasira na wewe. Tena kwenye simu nimekudanganya mara nne. Kila uliponiuliza habari za baba nilikujibu kwamba hajambo, na haikuwa kweli. Yeye ndiye aliyenikataza kukuambia, lakini nina miaka hamsini na miwili; ni aibu kujificha nyuma ya agizo la mzee.

Unakumbuka anavyopima maji ya kunyonyolea. Sufuria kubwa iko mekoni pale uani, naye anachovya kidole cha shahada upesi upesi: moja, mbili, tatu. Kidole kikikubali mara tatu na kukataa ya nne, maji yamefika. Kikikataa ya pili, yamezidi, yataivisha ngozi. Kwa kipimo hicho kuku wake walitoka weupe, ngozi nzima, mpaka mpishi wa mkahawa wa kona akawa hataki kuku wa mtu mwingine.

Mwaka jana ngozi zikaanza kuchanika. Unashika unyoya, ngozi inakuja nao, na kifua kimeshaiva nusu. Siku moja mpishi akasimama mlangoni na beseni lake.

"Mzee, hawa umewanyonyoa au umewapika? Maana kilichobaki ni chumvi tu."

"Kuku wa siku hizi wana ngozi ya karatasi," baba akamjibu. "Lawama wapelekee wanaototoa vifaranga."

Nami, msomi mpumbavu, nikaidaka hoja hiyo hewani. Unanijua. Niliandika makala mbili gazetini juu ya wafanyabiashara wanaotuuzia ndege wa kunenepa kwa wiki sita mpaka miguu inashindwa kuwabeba. Kila neno nililoandika nalisimamia hata leo. Ila halikuihusu sufuria yetu. Nilisoma kitabu kizima kuhusu ngozi ya kuku, nisitazame kidole cha baba yangu kilichokuwa hatua mbili kutoka puani mwangu.

Dalili zilikuwepo. Mwezi wa pili alitoka bandani na ndara mguu mmoja, ya pili imebaki kwenye maranda, naye hana habari. Wifi yako akamwambia, "Baba, leo kuku wamekuvua viatu, kesho watakuvua suruali!" Tulicheka hadi machozi, na yeye akacheka. Kumbe ule ugonjwa wake wa sukari tuliodhani unatii vidonge ulikuwa umeshamfisha ganzi miguu na vidole vya mikono. Alijua kwamba vidole havisikii moto vizuri. Akatuficha.

Nilijua asubuhi moja ya kuchinja. Nilikuwa nimemshikilia kuku kichwa chini ndani ya faneli la bati, damu inachuruzika ndooni, huku namsema baba kwa sauti kuhusu kipimajoto nilichomnunulia, ambacho alikitundika msumarini kama picha ya mjomba asiyependwa.

"Kidole hiki kimekusomesha hata wewe," akasema, akakichovya. Moja, mbili, tatu. Nne. Tano.

Sufuria ilikuwa inatokota, mdogo wangu. Mapovu yanapanda, naye anahesabu, macho yake kwangu, akisubiri kidole kikatae.

Nilimvuta mkono. Chini ya kitambaa alichokuwa akijifunga, eti kisu kisiteleze, kulikuwa na vidonda vya wiki nyingi, na vidole viwili vimeshakuwa vyeusi.

Daktari akasema vikatwe haraka kabla uozo haujaingia kiganjani. Baba akasema baada ya kundi lile. Bandani walikuwemo kuku sitini wa wiki nne, wamebakiza wiki mbili. "Kuku wa nyama hangoji mtu," akasema. "Kidonda kitangoja."

Siku tatu nilibishana naye. Mimi niliyewanyamazisha wahariri na wakubwa wa ofisi, nilimwaga hoja zangu zote mbele ya mzee aliyevaa kanzu iliyotoboka. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimewapa kuku maji.

Basi nikafanya jambo ambalo sijui hata leo ni akili au ni usaliti. Siku shangazi alipompeleka zahanati kuoshwa kidonda, mimi na wifi yako tuliwachinja wote sitini. Walikuwa wadogo, vifua vyembamba, hata kisu kiliona haya. Nilichovya kidole: ya tatu ikauma, ya nne kikakataa. Ngozi zikatoka nzima, nyeupe, hata moja haikuchanika. Mungu anisamehe, nilijivuna.

Alirudi adhuhuri, akapitia uani kama kawaida yake. Banda lilikuwa kimya. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, majibu kumi yako tayari mdomoni. Hakugomba. Alimtoa kuku mmoja kwenye beseni kwa mkono mzima, akamgeuza, akamkagua chini ya mabawa na shingoni, mahali ngozi inapoanza kuchanika.

"Maji umepima na nini?"

"Na kidole, baba."

"Mara ngapi?"

"Tatu. Ya nne kikakataa."

Akamrudisha kuku taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. "Basi. Nipelekeni hospitali."

Vidole viwili vilikatwa Alhamisi wiki iliyopita. Kidonda kinakauka na daktari ameridhika. Madaktari huridhika upesi. Lakini baba anaketi na kiti chake kimeligeuzia banda mgongo. Hajauliza habari za vifaranga wapya. Nikimwuliza kiasi cha pumba ananijibu, "Wewe unajua." Maisha yangu yote nimeyapigania maneno hayo mawili kutoka kinywani mwake. Sasa nimeyapata, na ningempa chochote ayameze tena. Nilitaka kumwondolea kisingizio, nikamwondolea kazi. Hakukubali hoja yangu hata moja; alichokubali ni kwamba hatumhitaji.

Ndiyo maana nakuandikia. Usije mbio, na usimlilie kwenye simu. Machozi yatamzika kabla ya siku zake. Mkono usimwulize kabisa. Nenda sokoni huko uliko, ununue kuku mwenye manyoya yake. Umnunue kweli, maana uongo wa kutosha nimeshausema mimi. Bandika maji, kisha mpigie baba. Mwambie sufuria iko motoni, kuku yuko tayari, nawe umesahau dalili ya maji yaliyofika. Wewe chovya, yeye akuhesabie.

Shangazi anakusalimu sana, anasema umekuwa adimu kama kivuli cha adhuhuri. Wifi yako anakubusu mashavu yote mawili. Baba hajatuma salamu, kwa kuwa hajui kama nakuandikia. Mungu akulinde ugenini, akufungulie riziki, na mikono yako aiache na uhai wake wote.

Wako akupendaye, aliyeshinda kesi na bado anatafuta pa kukata rufaa,

Kaka yako.