Mbegu ya Mtindi wa Mama

Jumamosi, mwezi wa saba. Machame.

Ukungu haujanyanyuka tangu asubuhi, na mimi sina uso wa kuingia jikoni kwa Mama.

Mtindi umeharibika. Unavutika kama kamasi, mchungu. Ulikuwa wa dada yangu Ndeshi, aliyejifungua juzi, na mzazi huku kwetu bila mtindi anakula nini? Nimeuharibu mimi, mtaalamu wa mifugo, mwenye cheti.

Wiki mbili zilizopita, kwenye mkutano wa kina mama wa nyumba kumi, niliwaambia watoe vibuyu vyao kwenye kichanja juu ya meko. Maziwa yakae penye ubaridi, nikasema, moshi na joto ni uchafu. Mama alikuwa wa kwanza kutii. Alikihamishia chake stoo ya kahawa, kwenye sakafu ya saruji, huku akiringa kwamba mwanawe kasoma.

Aligoma jirani yetu Bibi Aikande peke yake. "Mjukuu wangu, mtindi unapenda kuota moto kama mimi." Nikamjibu mbele ya wote kwamba ushamba wake ndio unaoturudisha nyuma. Watu wakacheka. Yeye akajifunga kanga vizuri, akaenda zake.

Na alikuwa sahihi! Daftari langu la chuo liko hapa mapajani, mwandiko wangu mwenyewe: bakteria wa joto hujenga utando wa seli kwa mafuta magumu, wa baridi kwa mafuta laini. Watie wa joto kwenye baridi, utando unakakamaa kama mafuta ya ng'ombe asubuhi ya Julai, chakula hakipenyi, vimeng'enya vinazubaa. Hapo wale wa baridi wanajitwalia maziwa.

Kwenye mtihani, swali hilo nilipata alama zote.

Mama hakunigombeza. Alikiosha kibuyu, pamoja na yale mabaki ya kugandishia maziwa mapya, akasema tu, "Mbegu ile nilipewa na mama yangu siku naolewa." Heri angenichapa.

Leo nimezunguka nyumba zote kuomba mbegu. Jamani, wote walinitii! Imebaki ya Bibi Aikande tu.

Nimekata jani la isale mpakani mwa kihamba, shamba letu la migomba, lile tunalopeleka tukiomba msamaha. Kesho baada ya ibada nitampelekea kwake, mbele ya kina mama walewale, niseme mshamba nilikuwa mimi.

Siogopi kwamba atanifukuza. Namjua. Nitakuwa sijamaliza shikamoo, naye ameshanyanyuka kwenda kunimiminia mbegu.

Aibu hiyo nitaiweka wapi?