Kadi ya Kimya

Alhamisi, 7 Machi
Saa ishirini zimekwisha, na wiki bado! Kibali cha mwanafunzi wa lugha ndivyo kilivyo: masomo kwanza, kazi saa ishirini kwa wiki, ukizidisha unarudishwa kwenu. Nikavua aproni. Msimamizi wa ufuaji hapa hotelini akaniita pembeni, akanipa kadi nyingine ya mahudhurio. Ya msichana aliyenitangulia, mwanafunzi kama mimi. Wenzake walimwita Kimya. Eti aliacha kazi, akasahau kadi. Niigonge hiyo kwa saa za ziada, mashine ya mahudhurio haina macho. Nimeigonga. Tii! Jina lake likatokea.

Jumatano, 13 Machi
Mpiga pasi, mama mtu mzima, sasa ananiita Kimya—mimi, ninayeongea kama redio! Leo nimeitika.
Nimepewa na kabati lake. Ndani: viatu, miwani, daftari la darasani. Nani anaacha kazi akaacha miwani? Nikamwuliza mpiga pasi. Akasema Oktoba alitoka kwenda kula, hakurudi. Kisha akaipiga pasi tena shuka aliyokwisha kuimaliza.

Jumanne, 19 Machi
Polisi wamekuja. Kumbe mama yake Kimya anamtafuta, miezi mitano sasa. Msimamizi akawachapia mahudhurio: mzima huyu, jana tu alikuwa kazini. Wamefunga jalada! Mtu mzima, wakasema, hataki tu kupiga simu kwao.
Jana nilikuwa mimi. Mungu wangu. Hakuna anayemtafuta tena kwa sababu yangu. Nikisema, kibali kimekwenda na maji, na mtihani wa mwisho ni Mei. Nimenyamaza. Najionea haya.

Ijumaa, 22 Machi—saa tisa na nusu, chumba cha kubadilishia nguo
Mama mwenyewe amefika. Kasafiri siku mbili. Polisi walimwambia bintiye hufanya zamu hii. Msimamizi kamjibu haturuhusu wageni. Namsikia mama kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo: hana haraka, kumngoja ameshazoea. Akamwuliza mpiga pasi, mwanangu anakula vizuri? Mpiga pasi kageuka kunitazama mimi.
Msimamizi kaja kuninong'oneza: pita tu, hakujui. Ila gonga kadi ya Kimya, usiharibu hesabu ya zamu.
Zamu inaisha saa kumi. Mlango wa kutokea ni mmoja. Mama ameweka kiti chake chini ya mashine, na amevaa miwani yake mwenyewe ili asome kila jina linalotokea.