Kiingereza cha Kumsemea Esta

Jumatatu, 3 Mei 1954
Barabara ya Masasi tena. Mvua imechimba mashimo, sisi tunafukia. Jioni kwa Mwalimu Yona. Namlimia mihogo, ananifundisha Kiingereza. Yeye Myao, mtani wangu. Kanicheka: "Mmakonde, kichwa chako kigumu kama mpingo." Nikamwambia mpingo hauliwi na mchwa.

Jumatano, 5 Mei
Esta bado anakohoa. Kama marehemu mama yake. Mama yake alipougua nilieleza sana, dresa, msaidizi wa zahanati, akamfasiria daktari neno moja tu. Tukapewa vidonge. Tukazika.
Safari hii namsemea mwanangu mwenyewe. Daktari Mzungu anapanda huku Newala wiki ijayo. Wagonjwa waliozidiwa anawachukua kwa gari lake mpaka hospitali kubwa Masasi. Nataka Esta apande lile gari. Basi.

Ijumaa, 7 Mei
Lugha ya taabu. Kwetu yeye ni yeye. Kwao mwanamume hi, mwanamke shi. Akikohoa mmoja unatia s. Wakikohoa wengi s inatoka. Kwa nini? Mwalimu hajui. Na hili du la kuulizia linakaa mbele halifanyi kazi, kama nyapara wetu.

Jumapili, 9 Mei
Kanisani sikusikia neno. Narudia moyoni. Shi kofs. Shi kofs blad, anakohoa damu. Sins Machi. Sins ni tangu.
Esta kauliza, "Baba, shi ndo mimi?" Ndo wewe. Kacheka, kikohozi kikamkamata.

Alhamisi, 13 Mei
Nimeharibu.
Watu wengi. Nilimwambia dresa asikae kati, nitasema mwenyewe. Daktari kamtazama Esta, kauliza, hau is shi? Nilielewa. Habari yake. Nikajibu, shi is fain, thenk yu. Mtu akikuuliza habari unaanza na nzuri, ndipo unatoa shida. Mimi nimelelewa hivyo.
Daktari kacheka, kamshika Esta kichwani, kaita mwingine. Damu, Machi, vyote vimebaki mdomoni. Nikamgeukia dresa. Kasema, "Si ulitaka kujisemea? Umeshasema mzima. Pisha wenzako."
Gari limeshuka na wengine.

Jumamosi, 22 Mei
Dereva wa lori kamsikia Esta akikohoa, kakataa kumpakia. Kumbeba mpaka Masasi siwezi, akitikiswa damu inakuja. Hata uji hali.
Sikwenda kwa Mwalimu. Sina cha kujifunza.

Jumapili, 30 Mei
Esta tulimzika Ijumaa, ubavuni kwa mama yake. Majirani wamerudi makwao. Nimefagia uwanja. Kikombe chake nimekiacha pale pale.
Jioni Mwalimu Yona kapita. Alikuwa kwao Lupaso, karudi leo, hajui kitu. Kapiga hodi, kauliza habari za hapa.
Nikasema nzuri.
Akavuta kigoda, akakaa. Akangoja nimalizie.