Sampuli Namba Nne

Kwa kaka yangu mpendwa,

Shikamoo kaka. Natumai barua hii inakukuta mzima, na ule mgongo uliokusumbua kwa kubeba maboksi umekubali kunyooka. Wifi hajambo? Na wanangu wawili, bado wanagombania kiti cha mbele? Waambie shangazi yao anawasalimu, na sare zao nimeshazikata. Nimeacha pindo refu, maana watoto wale wanarefuka kama wanaovutwa. Sisi huku hatujambo. Shemeji yako yupo, anapanda nguzo za umeme mchana kutwa, lakini nikimwomba apande kiti abadilishe taa ya jikoni anasema kizunguzungu. Mimi nashona. Mpwa wako Chiriku ni mzima kabisa. Yuko hapa pembeni ananisemesha hadi nimekosea neno mara mbili.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu, kaka, hunipi nafasi. Nikianza sentensi unanimalizia, tena unaimalizia unakotaka wewe. Nilichonacho safari hii kinataka usome mpaka chini. Vaa miwani, kaa, na usisome huku unahudumia wateja.

Habari yenyewe inaanzia bafuni. Unakumbuka tulipomaliza kukarabati bafu letu mwaka jana ulituletea seti nzima kutoka dukani kwako: pazia la plastiki lenye samaki wa bluu, zulia la sponji lenye mpira chini, kabati jeupe la ukutani, na vile vidude vitatu vya kunukisha, kimoja cha limau na viwili vya ua ambalo sijapata kuliona. Ulikuja navyo mwenyewe, ukavifunga mwenyewe, ukakataa hata glasi ya maji. Siku ile nilijiona malkia. Jirani yetu, yule mwalimu mstaafu asiyejua kunong'ona, alikuja kukagua akatangaza kwa sauti iliyosikika mtaa wa pili kwamba sasa tunaoga kama wakurugenzi.

Na bafu lilinuka kweli. Pazia lilinuka kiatu kipya. Kabati ukilifungua lilikupiga na gundi machoni. Juu ya hayo yote, limau. Nami nilidhani ndiyo harufu ya vitu vizuri. Dirisha nalo mafundi walikuwa wamelipaka rangi likagandana na fremu, na hakuna aliyejali, maana tulisema afadhali harufu nzuri isitoke.

Wiki ya pili Chiriku akaanza kukohoa. Alikuwa akiingia kuoga anaimba, anatoka kimya, macho mekundu, kifua kinapiga mluzi. Unamjua mtoto yule. Jina hilo hakupewa bure. Akinyamaza yeye, nyumba nzima inaulizana kuna nini. Ikafika mahali anasimama mlangoni na taulo lake, ananiomba aogee uani kwa ndoo. Nilimgombeza. Nilimwambia ni deko. Maneno hayo, kaka, ningeweza kuyafumua kama mshono ningeyafumua.

Alasiri moja akatoka bafuni akijaribu kuniambia jambo, na sentensi ikamshinda katikati. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Baba yake alimbeba mgongoni akakimbia naye hadi zahanati, mimi nyuma na kiatu kimoja. Walimwekea kinyago cha mvuke, tukakaa pale tukihesabu pumzi zake mpaka alipovuta pumzi nzima na kuuliza kwa nini mama ana kiatu kimoja. Nililia mbele za watu.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, lakini hana mzaha. Alisema mtoto ana kifua chepesi kushtuka, na kwamba yeye hawezi kukinyooshea kidole kitu kimoja akasema ndicho hiki. Aliniuliza chumba gani kinamsumbua, kina dirisha, kuna nini kipya ndani. Nilipomtajia, akasema chumba kidogo chenye maji ya moto na kisichopitisha hewa kinamlisha mtoto kila kinachonuka humo. Nitoe vyenye harufu kali kimoja kimoja, nifungue dirisha, na niandike ninachokiona. Basi nikaandika, kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, katikati ya nyonga za watu na mabega yao.

Nilianza na vile vidude vya kunukisha, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa rahisi kuvitoa bila kukuonea aibu. Kisha nikageukia dawa zangu za kusafishia. Kumbe miaka yote nilikuwa namwaga mbili kwa pamoja chooni nikiamini mbili zinaishinda moja. Daktari alishtuka kuliko alivyoshtukia kifua cha mtoto. Akaniambia ile ya kung'arisha na ile ya kutoa madoa ya choo hazikutani kamwe, hewa yake ni sumu. Siku hizi natumia sabuni ya kawaida na mkono wangu mwenyewe. Mkono una nguvu kuliko chupa.

Ikaja zamu ya pazia. Nililianika uani siku tano, nikalirudisha, nikafungulia maji ya moto, harufu ikarudi kama mgeni aliyesahau mwavuli. Shemeji yako akasema hata wale samaki wamezimia. Kabati nililifuata kwa pua mpaka nikaona pale lilipobanduka pembeni: ndani si mbao, ni unga wa mbao uliokandwa kwa gundi, na mvuke ulikuwa umeshaanza kuuvimbisha. Mwisho, baba Chiriku akachukua patasi akachonga rangi ya dirisha. Lilipofunguka tulisikia kelele za wauza samani barabarani, tukatazamana kama watu waliotoka kifungoni.

Sitakudanganya kwamba nilifanya kazi ya profesa. Huenda dirisha ndilo lililotuokoa, huenda ni vyote pamoja. Ninachokijua kimo kwenye daftari: wiki ya kwanza mluzi mara nne, ya pili mara mbili, ya tano hakuna. Na mtoto anaimba tena bafuni, nyimbo zenyewe hazina mwisho.

Sasa nyumba ikabaki na bafu tupu, na mimi ni fundi, ningekaa nalitazama? Nikakata pazia la pamba. La kwanza lilikuwa aibu tupu. Kitambaa kilikuwa chepesi, maji yakapita kama wageni rasmi, yakafika ukumbini, na shemeji yako akateleza akakaa chini mbele ya wateja wangu wawili. La pili lilizuia maji lakini likaota ukungu kwa sababu tulikuwa tunaliacha limejikunja. La tatu ndilo lililonifundisha: pamba nzito iliyofumwa kwa kubana, haina dawa yoyote ya kuzuia maji, pindo la chini mara mbili na pete ndogo za chuma zimeshonewa ndani ili lisipepee likaja kukukumbatia unapooga. Ukimaliza kuoga unalitandaza likauke, kila wiki unalifua. Kazi ipo, sikatai. Chini nikaweka zulia la pamba linalofulika kwa maji ya moto, na mahali pa kabati seremala akanitengenezea rafu mbili za mbao halisi, zimepakwa mafuta tu. Bafu tuliliacha wazi kwa wiki nzima kabla ya kumruhusu mtoto aingie. Halinuki chochote, kaka. Nilijifunza ukubwani kwamba usafi hauna harufu.

Jirani mwalimu alipoliona, basi, nikawa sina haja ya tangazo. Mwezi haukuisha nikawa na mapazia saba ya watu. Na ni yeye aliyenipeleka kwa mlezi mkuu wa kile kituo cha watoto wanaougua kwa muda mrefu, ambacho kilikuwa kinatengeneza mabafu kumi na mawili mapya. Mama huyo ni mwembamba, ana funguo nyingi kiunoni, na hanunui kitu kwa kuambiwa. Alimtaka kila mwenye kuomba kazi alete sampuli ya pazia na fimbo yake ya kulitundikia. Akazitundika zote kwenye stoo isiyo na dirisha, kila moja na namba yake bila jina, akaweka masufuria ya maji ya moto chini, akafunga mlango siku mbili.

Yangu ilikuwa namba sita. Aliniita nikaone jinsi ilivyokauka. Nilipoingia, kabla sijaona, pua iliniambia. Nikageuka. Namba nne ilikuwa na samaki wa bluu.

Kaka, nilijua palepale ni yako. Hakuna mwingine anayefunga pete za pazia kwa fundo lile, ulinifundisha mwenyewe nikiwa na miaka tisa. Ningeweza kuaga nikaondoka. Mlezi mkuu alikuwa ameshasikia habari za Chiriku kwa mwalimu, na mwalimu, kama ujuavyo, hakubakisha kitu. Akalishika lile pazia lako kwa vidole viwili akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, "Wewe fundi, hili ungemtundikia mwanao?"

Nikamjibu, "Nilimtundikia. Nikalitoa."

Kisha nikageukia namba sita yangu, nikashika pindo kuona kama limekauka.

Uliponipigia mwezi uliopita ukiwa na hasira, ukasema umechongewa, kwamba kuna mtu ameipaka matope mali yako kwenye kile kituo, ukaniuliza kama namjua fundi aliyepata kazi ile, nilikwambia kazi za watu sizifuatilii. Na kabla hujakata simu ukauliza pazia la bafuni kwangu linaendeleaje, nikasema bado lipo, linapendeza. Basi sikia. Aliyekuchongea ni mimi. Fundi aliyepata kazi ni mimi. Na pazia lako halijatundikwa kwangu tangu zile wiki za daftari. Linafunika matofali uani.

Soma na hili. Siku ya pili nilirudi kwa yule mama nikamwambia mwenye namba nne ni kaka yangu, tumbo moja, na kwamba nimesema neno ambalo nami ninanufaika nalo, kwa hiyo akitaka aninyang'anye kazi. Alichomoa ufunguo wa stoo kiunoni. Kisha akaita walezi watatu ambao hawakujua lolote, akawafunga macho, akawaingiza stoo mmoja mmoja. Wote watatu waliikimbia namba nne. Wote watatu wakachagua sita. Lakini walipofunguliwa macho na kuambiwa wavute fimbo, waning'inie, watikise, hakuna fimbo iliyosimama kama ya namba nne. Ya kwangu mmoja aliing'oa. Mlezi mkuu anataka fimbo, kulabu na pete za mabafu yote kumi na mawili zitoke kwako, na barua yake kwako imeshaandikwa. Nilimwomba asiitume kabla ya hii. Sikutaka uujue ukweli wangu kwa mwandiko wa mtu mwingine.

Sikuombi radhi kwa jibu nililompa. Kesho nikiulizwa tena nitajibu vilevile, hata ukiwa umesimama pale. Ninakuomba radhi kwa mwaka mzima wa kukusifia kitu nilichokwisha kukunja, kwa kukuacha uendelee kukiuza kwa watu wenye watoto kama wangu, eti kwa heshima. Wewe ndiye uliyenilea. Ulistahili kusikia kutoka kwangu wa kwanza, na umesikia wa mwisho. Wewe uliuza ulichouziwa. Lakini sasa unajua, na anayejua hawezi kuuza kwa mdomo uleule. Muulize anayekuletea mzigo mapazia yale yametengenezwa kwa kitu gani hasa. Akibabaika, hilo nalo ni jibu. Upande wa kushoto wa duka lako, pale unapoweka vidude vya kunukisha, panatosha mapazia ishirini ya pamba yangu, na nimeshaanza kuyakata.

Mpe wifi salamu nyingi, na umwambie asikuonee huruma kabla hajaisoma barua hii naye. Wasalimie watoto, mmoja mmoja, kwa majina yao. Baba Chiriku anakusalimu; anasema anayajua yote tangu mwanzo na alinishauri nikwambie mapema, na mimi namkubalia kwa mara ya kwanza mwaka huu. Chiriku anasema mjomba asikasirike, na kama atakasirika, akasirike harakaharaka.

Usihangaike kunijibu. Jumamosi nitapanda basi la asubuhi nije na mzigo wangu. Nikibisha hodi usipoitika, nitakaa juu ya marobota yangu mlangoni kwako, na kila mteja atakayeniuliza ninauza nini nitamwambia aingie ndani amuulize kaka yangu.

Ni mimi mdogo wako, akupendaye,
Fundi